Pampu ya Broad Street: waliokufa walionyesha njia, wasiokufa wakatoa ushahidi

Ukisomea afya ya jamii, hazipiti wiki nyingi kabla hujaonyeshwa ramani ya mtaa wa Soho, London, ya mwaka 1854. Vistari vyeusi vimepangwa mbele ya nyumba kama vijiti vya kiberiti, kila kistari ni maiti mmoja, na katikati kuna nukta iliyoandikwa "pampu". Mwalimu atakueleza kwamba Daktari John Snow aliitazama ramani hiyo, akaona vifo vimeizunguka pampu ya Broad Street, akaagiza mkono wa pampu ung'olewe, na kipindupindu kikaisha.

Hadithi tamu, lakini imepangwa kinyume. Snow aliionyesha ramani yake mbele ya wataalamu wenzake mwezi Desemba, miezi mitatu baada ya mkono kung'olewa. Ugonjwa nao ulikuwa umeshaanza kupungua kabla mtu yeyote hajaigusa pampu ile, na Snow mwenyewe alilikiri hilo kwa maandishi. Hata ramani ya vifo vya Soho hakuwa wa kwanza kuichora. Mhandisi wa tume ya mifereji ya maji machafu, Edmund Cooper, alichora ya kwake Septemba ile ile, kwa sababu wakazi walikuwa wakilalamika kwamba mafundi wa mifereji wamefukua makaburi ya watu waliokufa kwa tauni ya mwaka 1665 na kuuachia ugonjwa. Cooper aliviona vifo vile vile kwenye mitaa ile ile, wala hakufika kwenye pampu.

Basi ramani haikusema. Kilichosema ni nini? Hapo ndipo kisa hiki kinapokuwa na faida kwa anayefuatilia magonjwa mtaani.

Mtaa wenyewe

Soho ya wakati huo ilikuwa na nyumba ndefu zilizojengwa zamani kwa ajili ya watu wenye nafasi. Wenye nafasi walikuwa wamehama, nyumba zikakatwakatwa na kupangishwa chumba kimoja kimoja. Mafundi cherehani, washona viatu, vibarua wa viwandani na watoto wao walilala familia nzima ndani ya chumba, na mara nyingine familia mbili. Chini ya nyumba au uani kulikuwa na mashimo ya choo, mengi yakiwa ya matofali yaliyochoka. Maji ya kampuni yaliletwa kwa bomba katika baadhi ya nyumba, lakini kwa saa chache tu. Kwa hiyo watu walitegemea pampu za mkono zilizokuwa barabarani, ambazo hazikuwa na malipo.

Pampu ya Broad Street ilikuwa na sifa. Maji yake yalikuwa ya baridi na maangavu kuliko ya pampu za jirani, na wapo waliopita pampu iliyo mlangoni kwao ili wakateke pale. Shika hilo, tutalirudia.

Usiku wa Alhamisi tarehe 31 Agosti kuamkia Ijumaa, ugonjwa ulilipuka. Kwa hesabu aliyoichapisha Snow baadaye, tarehe 1 Septemba peke yake walishikwa watu 143, na kesho yake 116. Mtu aliyelala mzima aliamka akiharisha choo kama maji yaliyooshewa mchele, misuli inamkaza hadi mwili unapinda, na jioni alikuwa amekwisha. Jina tulilompa adui huyu kwa Kiswahili linanifanya niuone mwili ule kila ninapolitamka. Jumla ya waliokufa ilifika 616. Snow aliandika kwamba ndani ya yadi 250 kutoka kona ya Cambridge Street na Broad Street vilitokea vifo zaidi ya 500 kwa siku kumi. Waliokuwa na pa kwenda walifunga mizigo wakaondoka.

Mtu wa nusukaputi

Snow hakuwa afisa wa afya wala hakuwa na cheo chochote serikalini. Kazi yake iliyomletea jina ilikuwa nusukaputi: mwaka 1853 ndiye aliyempa Malkia Victoria mvuke wa klorofomu alipojifungua. Alikaa karibu na Soho, na kipindupindu kilikuwa kimemshughulisha kwa miaka. Mwaka 1849 alitoa kijitabu kilichodai kwamba ugonjwa huu humezwa, kwa maji au chakula kilichoingiwa na uchafu wa mgonjwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: unaanza tumboni, kwa hiyo uliingilia kinywani.

Wakubwa wa tiba walicheka, au walikaa kimya. Waliamini hewa mbaya. Edwin Chadwick, aliyepigania usafi wa miji ya Uingereza kuliko mtu yeyote, alikuwa amelieleza Bunge mwaka 1846 kwamba kila harufu ni ugonjwa. Tusiwaone wajinga. Sisi hadi leo tunaita homa ya mbu "malaria", neno la Kitaliano lenye maana hiyo hiyo ya hewa mbaya, na hakuna anayeshtuka. Tena mtaa unaonuka kweli ulikuwa na wagonjwa wengi, na anayetafuta harufu nyuma ya kifo London ya wakati ule hakuikosa hata mara moja. Shida ya nadharia ya harufu ilikuwa hiyo hasa: ilifaa kueleza kila kitu.

Nadhani ujuzi wa nusukaputi ulimsaidia Snow kwa namna ambayo haitajwi sana. Alikuwa mtu wa gesi. Alijua kwamba mvuke hupungua nguvu kadiri unavyosambaa, na kwamba waliovuta hewa moja chumba kimoja hupata kipimo kinachokaribiana. Sasa hewa gani hiyo inayoua nyumba namba hii, ikaruka namba inayofuata, ikaua ya tatu?

Mlipuko wa Soho ulimkuta tayari yuko kazini, upande wa kusini mwa mto Thames. Kule alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuuliza kila aliyefiwa anapata maji kwa kampuni ipi: Southwark and Vauxhall, iliyochota mtoni katikati ya uchafu wa jiji, au Lambeth, iliyohamisha bomba lake la kuchotea juu ya mto mwaka 1852. Alivyokuja kuzijumlisha hesabu zile, vifo kwa kila nyumba 10,000 vilikuwa 315 kwa kampuni ya kwanza na 37 kwa ya pili. Kisayansi, kazi hiyo ni nzito kuliko ya Soho. Lakini haina pampu, kwa hiyo haisimuliwi.

Orodha ya majina 83

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa la kiofisi kabisa. Uingereza ilikuwa na usajili wa vifo tangu 1837, na katika ofisi kuu ya usajili alikuwepo William Farr, aliyehakikisha kila kifo kinaandikwa sababu yake na mahali kilipotokea. Farr mwenyewe wakati huo alikuwa mtu wa hewa mbaya. Hata hivyo daftari zake zilikuwa wazi, na bila daftari zile Snow angebaki na kijitabu tu.

Snow aliomba orodha ya waliokufa kwa kipindupindu Soho katika wiki iliyoishia tarehe 2 Septemba. Vilikuwa vifo 89. Sita vilitokea siku nne za mwanzo, kabla ya mlipuko, akaviweka kando. Vilibaki 83. Akaichukua karatasi yake akaingia mtaani.

Aligundua kwamba karibu wote walikufa jirani na pampu ya Broad Street. Kumi tu ndio waliokuwa na pampu nyingine iliyo karibu zaidi na nyumba zao. Mtu mwenye haraka angesema: 73 kwa 10, kesi imekwisha. Snow aliwageukia wale kumi. Familia tano zilimwambia kwamba siku zote hutuma watu Broad Street kwa kuwa wanayapenda maji ya pale. Watatu walikuwa watoto waliosoma shule iliyo karibu na pampu. Wawili kati ya watoto hao walijulikana kuwa walikunywa, na wazazi wa yule wa tatu walidhani naye alikunywa. Wawili waliobaki hakuwapatia maelezo, akasema wanalingana na vifo vilivyokuwa vikitokea London hata kabla ya mlipuko.

Kwa wale 73 wa karibu, 61 alithibitishiwa kwamba walikuwa wakiyanywa maji yale, mara zote au mara moja moja. Sita hakupata wa kumuuliza, kwa sababu kila aliyewajua alikuwa amekufa au amehama. Na sita aliambiwa hawakunywa. Hawa hakuwaficha wala kuwalazimisha. Aliwaandika hivyo hivyo. Ila alieleza pia kwamba maji ya pampu ile yalikuwa na njia nyingi za kumfikia mtu bila yeye kujua. Vilabu vya pombe vya jirani vilichanganyia pombe kali. Migahawa iliyaweka mezani. Viduka viliyatia kijiko cha unga unaotoa povu na kuyauza kwa jina la sharbati. Mama mmoja mwenye mgahawa wa kahawa, uliokuwa ukihudumia mafundi, alimwambia tarehe 6 Septemba kwamba tayari alijua wateja wake tisa wameshakufa. Aliyewahi kuzunguka mtaani wakati wa kipindupindu na fomu mkononi anaijua sura hii: unauliza "mnakunywa maji gani?", unajibiwa "ya chupa", na kando ya mlango mtoto anafyonza barafu ya ubuyu.

Kazi hii ya kupita ukiuliza ilifika pwani yetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. James Christie, daktari wa Kiskoti aliyekuwa Zanzibar, alifuatilia kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kwa kukusanya habari za misafara na wafanyabiashara, akaonyesha kwamba safari hii ugonjwa ulishuka kutoka bara, kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, ndipo ukavuka kisiwani. Aliichapisha kazi hiyo kuwa kitabu mwaka 1876. Hakuwa na daftari la vifo kama la Farr. Alikuwa na njia za biashara na watu waliozipita.

Mahali ambapo kifo hakikuingia

Turudi Soho. Poland Street, mwendo mfupi kutoka pampuni, palikuwa na nyumba ya maskini ya parokia, jengo kubwa la wasiojiweza 535. Hawa walikuwa dhaifu, wamesongamana, na sehemu kubwa ya jengo imezungukwa na nyumba zenye vifo. Kwa kanuni ya hewa mbaya wangepaswa kuwa wa kwanza kufagiliwa. Walikufa watano. Snow alikadiria kwamba kama wangekufa kwa kiwango cha mitaa inayowazunguka, wangepita 100. Alipouliza maji, akaambiwa jengo lina kisima chake na pia linapata maji ya kampuni. Broad Street hawakuwahi kutuma mtu.

Kwenye Broad Street yenyewe palikuwa na kiwanda cha bia. Snow alishangaa kutoona jina la hata mfanyakazi mmoja wa pale kwenye orodha yake, akaenda kumuona mwenyewe, Bwana Huggins. Wafanyakazi walikuwa zaidi ya 70, wawili tu waliumwa kidogo, hakuna aliyekufa. Walikuwa na mgao wao wa bia, na tajiri aliamini kwamba maji hawayagusi kabisa. Kiwanda kilikuwa na kisima chake kirefu. Snow kwa muda mrefu wa maisha yake hakuwa mtu wa pombe, na nafikiri lazima alitabasamu akiyaandika hayo.

Sasa linganisha na kiwanda kilichokuwa namba 37 ya barabara hiyo hiyo, kilichotengeneza fataki za bunduki. Pale palikuwa na mapipa mawili ya maji ya kunywa kwa wafanyakazi, yakijazwa kila siku kutoka pampuni. Wafanyakazi wapatao 18 walikufa, wengi wao siku za mwanzo kabisa. Walifia makwao, si kazini. Hapa ramani inakuangusha: kistari huwekwa mahali mtu anapolala, ilhali sumu aliinywea mahali anapofanya kazi. Ukiwa na ramani peke yake hutaliona pipa.

Na kutoka kiwanda hicho hicho kinaanza kisa kidogo ambacho Snow alikiona kuwa na nguvu kuliko vyote. Mjane wa mwenye kiwanda, mama wa miaka 59, alikuwa amehamia Hampstead, nje kabisa ya Soho, juu mlimani kwenye hewa safi. Hakuwa amekanyaga Broad Street kwa miezi. Lakini aliyapenda maji ya mtaa wake wa zamani, na kwa kuwa mkokoteni ulikwenda Hampstead kila siku, ulimbebea chupa kubwa. Chupa ya Alhamisi tarehe 31 Agosti aliinywa jioni ile na Ijumaa. Jumamosi akafa. Mpwa wake aliyekuja kumtembelea alikunywa, akarudi kwake Islington, akafa. Pande zote mbili hapakuwa na kipindupindu wakati huo. Mtumishi mmoja naye alikunywa chupa ile ile, na hakupata madhara ya maana.

Kwa nini ninamthamini huyu mjane kuliko wale 73? Kwa sababu wale 73 waliishi na maji ya pampu na hewa ya Soho kwa pamoja. Huwezi kuwatenganisha. Mjane aliletewa maji bila hewa. Watu wa nyumba ya maskini na kiwanda cha bia walipata hewa bila maji. Ukiwaweka pamoja umepata jaribio ambalo hakuna daktari angethubutu kulipanga.

Jioni ya Alhamisi tarehe 7 Septemba, Snow alisimama mbele ya baraza la parokia ya St James lililosimamia mambo ya maskini akaeleza. Kesho yake mkono wa pampu uling'olewa. Siku hiyo, kwa jedwali lake mwenyewe, walioshikwa walikuwa 12, kutoka 143 wiki moja kabla.

Pingamizi lililokuwa na haki

Wanaosimulia kisa hiki huiweka bodi ya afya ya serikali upande wa mapunguani. Kamati yake ya kisayansi ilisema haioni sababu ya kuikubali imani ya Snow. Ni kweli ilikosea. Lakini isome hoja yake moja: hakuna ushahidi wa kutosha unaoonyesha kama wakazi waliokunywa maji ya kisima kile waliumia kwa kiwango kikubwa kuliko wakazi wa hapo hapo waliokunywa maji mengine.

Hiyo hoja ni sahihi. Snow alianza na orodha ya maiti. Alionyesha kwamba waliokufa walikunywa. Lakini kama mtaa mzima ulikunywa pale, basi waliokufa walikunywa, na waliopona walikunywa, na wala hakuna ulichothibitisha. Nyumba ya maskini na kiwanda cha bia viliziba sehemu ya pengo hilo, si lote. Wakazi wa kawaida waliobaki hai walikuwa bado hawajaulizwa.

Aliyewauliza alikuwa mpinzani.

Henry Whitehead, kasisi msaidizi wa kanisa la St Luke's, Berwick Street, alikuwa kijana chini ya miaka 30. Siku zote za mlipuko alikuwa akitoka kitanda hiki kwenda kile. Alipousikia uvumi wa pampu hakuuamini, na alikuwa na sababu: kwa macho yake aliwaona wagonjwa waliokunywa maji yale kwa wingi wakapona. Akaingia kazini ili kumkosoa Snow.

Silaha yake Snow hakuwa nayo. Snow alikuwa daktari mgeni mlangoni. Whitehead alikuwa mtu wa pale. Alijua nani ni ndugu wa nani, nani amehamia wapi, mtoto yupi ndiye anayetumwa maji. Alirudi nyumba zile zile mara kadhaa, kwa sababu mtu mwenye msiba hakumbuki vizuri mara ya kwanza. Wapo waliomwambia hawanywi maji ya pampu, kisha mtoto wa nyumba akakumbuka kwamba siku ile alitumwa. Na hapo akapata jibu la jambo lililokuwa likiwatatiza watu: kwa nini wazee wapweke na vikongwe, ambao ugonjwa ungewamaliza, wengi walisalimika. Hawakuwa na mtoto wa kumtuma.

Alipokusanya hesabu ya wakazi wa Broad Street, ilikuwa hivi. Kati ya watu 137 waliokunywa maji ya pampu, 80 waliugua. Kati ya 297 ambao hawakuyanywa, waliugua 20. Zaidi ya nusu upande mmoja, karibu saba kwa mia upande wa pili. Hilo ndilo jedwali ambalo bodi ilisema halipo, na limeletwa na mtu aliyetaka lionyeshe kinyume. Whitehead aliandika kwamba ilimbidi akubali, polepole na pengine bila kupenda. Ninamwamini kuliko ningemwamini shabiki.

Namba 40

Kamati ya uchunguzi ya parokia, iliyowaweka Snow na Whitehead meza moja, ilibaki na swali gumu. Sawa, maji yaliua. Uliingiaje uchafu kisimani? Kisima kilikuwa kimekaguliwa kwa ndani, hakikuonekana na kasoro. Na mgonjwa wa kwanza ni nani?

Katika majira ya kuchipua ya 1855 Whitehead alikuwa akipekua daftari la vifo kwa jambo jingine, akakuta mstari mmoja: Broad Street namba 40, tarehe 2 Septemba, binti wa miezi mitano, amekufa kwa kuishiwa nguvu baada ya kuharisha kwa siku nne. Haikuandikwa kipindupindu. Ndiyo maana mtoto huyu hakuwahi kuwa kwenye orodha ya Snow. Lakini siku nne kabla ya tarehe 2 ni kabla ya mlipuko, na namba 40 ndiyo nyumba iliyokuwa mbele ya pampu.

Whitehead aliwajua wenye nyumba. Alikwenda kwa mama wa mtoto, mke wa askari polisi aitwaye Lewis, akamuuliza taratibu. Mama alisema alikuwa akiloweka nepi za mtoto kwenye ndoo, na maji yake akiyamwaga kwenye shimo la choo lililokuwa chini, mbele ya nyumba.

Kamati ikamwita mpima ardhi, Jehoshaphat York, achimbe. Alikuta shimo hilo na mfereji wake vimeoza, matofali yamelegea hayashiki tena, na udongo ulio kati ya shimo na kisima umeloa uchafu. Kutoka shimo hadi kisima haikufika mita moja. Ukaguzi wa kwanza ulikiangalia kisima. Hakuna aliyeangalia jirani yake.

Sasa tarehe zinajipanga. Mtoto anaugua mwishoni mwa Agosti, nepi zinaoshwa, Alhamisi usiku watu wanaanza kuanguka. Mtoto anakufa Jumamosi, nepi haziloweshwi tena, uchafu mpya haumwagwi, na wagonjwa wanaanza kupungua siku zinazofuata kwa kasi ambayo kukimbia kwa watu peke yake hakuwezi kuieleza. Wanaosema kung'oa mkono wa pampu hakukusaidia kitu wanaishia hapa, na hesabu zinawaunga mkono.

Wanasahau baba. Askari Lewis alishikwa na kipindupindu tarehe 8 Septemba, katika nyumba ile ile yenye shimo lile lile. Aliugua siku kumi na moja, akafa tarehe 19, na muda wote huo mkewe alikuwa na ndoo za kumwaga. Maji ya kisima hatua chache kutoka mlangoni yalikuwa yakipokea tena kile kile yalichopokea mwisho wa Agosti. Mkono wa pampu ulikuwa umeng'olewa siku ile ile aliyoanza kuugua.